Kilo za Mwani Nilizochanganya Mimi

Tallinn, Estonia

Kwa dada yangu Mwanaidi, Mlingotini,

Shikamoo dada. Mama anaendeleaje na goti lake? Shemeji amesharudi safari? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo umekaa vibaya tangu niliposikiliza ile sauti uliyonitumia. "Rajabu, wananiita mwizi wa mwani. Nimeuficha wapi, kwenye kanga?" Nimeisikiliza mara nne. Mara ya nne nikalia, mtu mzima mimi.

Dada, mwani haukuibiwa. Haukuwepo. Kosa ni langu, na leo nakwambia lote.

Ule ukurasa wa mtandaoni mnaojazia mavuno kwenye simu, niliutengeneza mimi hapa kazini. Mnunuzi wenu aliwapa mabosi wangu kazi hiyo, nao wakanipa mimi kwa kuwa natoka huko. Sasa wewe unajua, kwetu tunapima mara mbili: ufukweni mwani ukiwa mbichi, na ghalani ukishakauka juu ya chanja. Mara zote mbili tunasema "kilo" basi, maana ukiona mtu amesimama wapi umeshajua. Na mimi nikaandika kilo, namba tupu. Mgeni angeuliza. Mimi mtoto wa hapo niulize nini?

Tunaandika kwa lugha ambayo kila kitu hutajiwa aina yake mapema, halafu kuna mkaguzi, programu tu, anayepitia kazi yote kabla haijatoka. Ukichanganya visivyochanganyika, anapiga mstari mwekundu. Mwenzangu Marta, ninayekaa naye meza moja, aliniambia, "Tenga aina mbili, kilo mbichi na kilo kavu, mkaguzi akulinde." Nikamcheka: "Kwetu hata mtoto anajua tofauti." Akazitenga mwenyewe kwenye sehemu yake. Kwangu ikatokea mistari myekundu chungu nzima. Kesho yake tulikuwa tunakabidhi kazi, na mimi kwa kiburi changu nikaandika neno moja linalomwambia mkaguzi kwamba hiki ni chochote tu, apite. Akanyamaza. Kumbe nimemziba mdomo aliyekuwa ananiambia ukweli!

Ndipo ukurasa ukajumlisha mbichi ya ufukweni na kavu ya ghalani, ukasema mna shehena. Lori la mnunuzi likaja, likakuta viroba vichache, na karani wa kikundi chenu ni wewe.

Nimesharekebisha. Sasa ni aina mbili, na njia ya kutoka mbichi kwenda kavu ni moja tu, mizani ya ghalani. Mtu akijaribu kujumlisha ovyo, kazi haitoki. Nikamwomba bosi tukiandikie kikundi. Akasema, "Limekwisha hilo, mteja asijue. Mkataba wako unasemaje?" Mkataba unasema nifunge mdomo. Na kibali changu cha kuishi huku kinategemea kazi hii; kazi ikiisha, nafungashwa virago. Wiki tatu sasa naenda kazini na kurudi, wewe unanyimwa salamu huko, na mimi kwenye chumba hiki sina pa kugeukia. Nikisema nimekwisha mimi, nisiposema umekwisha wewe. Wewe uliyekuwa unaingia kwenye kamba za mwani na mimi mgongoni! Nimechoka, dada.

Basi chukua karatasi hii. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono, sikutuma meseji. Mpe Bi Zainabu, mwenyekiti wenu, aisome ghalani kwa sauti, wanawake wote wakiwepo, asiruke neno. Wakitaka kumwonyesha mnunuzi, wamwonyeshe. Najua habari itafika wapi.

Mama mbusu mkono kwa niaba yangu. Shemeji mwambie namsalimu, na asikugombeze tena. Bi Zainabu naye shikamoo yake hii; akimaliza kusoma, akurudishie daftari la ukarani mbele ya wale wale walioona ukinyang'anywa.

Na kile chumba changu cha uani, nakuomba kifagieni.

Mdogo wako,
Rajabu