Mlango wa Haraka wa Sumayya

Jumanne, 3 Machi 1998

Zubair kaingia tena bila hodi. Mwanangu mwenyewe, ndevu zina mvi, anaingia kwa mamake kama mbuzi. Anaitaka kompyuta yake. Kapata mnunuzi, Kilonzo wa duka la misumari, Ijumaa baada ya swala wanaibeba. Nikamwambia mtoto bado anaitumia. Akasema mpwa wake atafute kitu kingine cha kuchezea.

Kuchezea! Jumamosi anakuja Lewis, injinia wa Mombasa. Akiuona mfumo aliouandika mjukuu wangu unafanya kazi kwenye hii kompyuta, anamwajiri. Ukikwama, Sumayya abaki hapa Kaloleni kumpimia Zubair mchele dukani kwake.

Mtoto huyu ndiye aliyenifundisha kuandika, mimi ambaye shule sikuiona. Mchele apime Zubair.

Jumatano, 4 Machi

Nimemuuliza Sumayya kazi yenyewe ni ipi. Kasema ndani ya mfumo kuna kiini, ndicho mwenye nyumba. Programu ni wageni, hazigusi chochote bila kukiomba. Zamani ombi lilipita mlango mkuu: prosesa, ubongo wa kompyuta, inasimama, inakagua, inaandika mgeni katoka wapi na atarudi wapi, ndipo inafungua. Sasa prosesa mpya zina amri ya mlango wa haraka. Unaruka ndani. Ila pa kurudi haiandiki — programu ikumbuke yenyewe, na kiini kipangwe upya kwa ajili yake.

"Kwa hivyo mnajivunia bawabu asiyejua mgeni katoka wapi," nikamwambia.

"Bibi, maombi ni maelfu kwa sekunde. Mlango mkuu unachelewesha."

Kuchelewa. Mlango wangu huu una umri kumshinda mamake Sumayya na haujamchelewesha mtu mwenye adabu.

Wazimu huu ni wa Lewis. Kampigia simu: mlango mkuu ung'oe, ni wa kizee. Naye kaung'oa. Injinia hajaiona hata hiyo kompyuta.

Alhamisi, 5 Machi

Imekufa. Anawasha, inatoka mistari miwili, halafu kioo kimya. Mtoto hali. Nimemlisha uji kwa mkono kama alipokuwa na jino moja.

Kaugundua ugonjwa wa kompyuta. Kiini kikiamka huuliza prosesa: una mlango wa haraka? Hii ya Zubair ni ya zile za mwanzo. Inajibu, ninao. Haina. Programu inakimbilia mlango, inakuta ukuta.

Nimecheka. Prosesa muongo! Nikamkumbusha posa ya mamake. Bwana aliulizwa unaswali, akasema naam, tena kwa sauti ya kuadhini. Sikumsikiliza hata. Nilituma mtu kwa majirani zake aulizie ukoo.

"Kitabu cha watengenezaji nacho kinasema hivyo, bibi. Usiamini jibu, tazama ukoo wa prosesa na toleo lake. Nilikiruka."

"Ulikiruka kwa sababu Lewis ana haraka."

Sasa anarudisha mlango mkuu. Yote miwili ikae, kiini kichague kinapoamka. Kazi ya kuanza upya, na kesho ni Ijumaa.

Ijumaa, 6 Machi

Swala imekwisha. Mtoto hajamaliza. Nimekaa nyuma ya mlango na daftari langu.

Hodi. Ni Kilonzo. Sijaitika. Mkamba wa watu, lakini kaishi nasi vya kutosha: hodi tatu, usipojibiwa unarudi.

Sumayya kaganda, mikono hewani. Nimemwashiria — andika wewe.

Hodi ya pili. Anawasha. Mstari wa kwanza.

Ya tatu. Nimeziba mdomo kwa leso. Viatu vinageuka, vinaondoka. Mungu ambariki, hata kama ni mnunuzi.

Halafu kikohozi. Hicho ni cha Zubair. Anamwambia mwenzake rudi, hapa ni kwa mamangu, hodi ya nini.

Kasukuma. Mlango umegoma. Komeo nimelitia tangu alfajiri.

"Mama?"

Leo ndiyo anauliza.

"Bibi," kasema Sumayya, hata hakugeuka, "mstari wa tatu huu."

Jana kompyuta iliishia wa pili, leo imevuka. Mlango unasukumwa tena.