Baba Hatoki Nyumbani

Ishpeming, 14 Januari

Mwanangu Marlys,

Hujambo huko Tucson, na jua lenu? Huku theluji imefika madirishani. Baba yako ametoka hospitali. Upande wa kushoto bado umepooza na maneno yanamtoka kwa shida, lakini chakula changu anakimaliza.

Dada wa ofisi ya huduma za jamii amenieleza kwamba nikimpeleka Reino wangu kwenye nyumba ya wazee kule Marquette, serikali italipia kila kitu. Akibaki hapa, tutapewa msaidizi asubuhi mbili tu kwa wiki, na hata huyo tumsubiri kwenye foleni. Nikamuuliza kama kumtunza hapa si nafuu kwao. Akakubali, ila ndivyo sheria ilivyo. Basi sheria ibadilishwe.

Mama yako

Tucson, 20 Februari

Mama mpenzi,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, ingawa nimesikia vingine. Jirani yako Impi amenipigia simu: mlianguka bafuni, wewe na Baba, mkakaa sakafuni mpaka yeye alipokuja. Mbona hukuniambia? Kitanda cha Marquette kipo. Kikubali, Mama. Kwa mgongo wako huo, unambeba mtu aliyekuzidi mara mbili. Sitaki kuwazika wote wawili.

Mwanao Marlys

Ishpeming, 3 Aprili

Marlys,

Salamu. Mgongo unauma, usiuulizie tena. Nilikuwa na hasira nawe, ndiyo maana nimekawia.

Jana Impi alitupeleka kwa gari lake, mimi na Baba yako, mpaka makao makuu ya jimbo. Kamati ya bunge ilikuwa inasikiliza watu kuhusu muswada wa kulipia wasaidizi wa nyumbani. Nikawaeleza habari ya bafuni, yote, hata aibu yake. Mbunge mmoja akaniuliza kama mume wangu anaelewa kinachosemwa pale. Aliniuliza mimi, naye Baba yako yuko mbele yake. Kabla sijajibu, Reino akainua mkono wake mzima. Ukumbi mzima ukamngoja.

"Naelewa," akasema. "Wewe je?"

Watu wakacheka, na mbunge naye, masikio yamemwiva kwa aibu.

Njiani nilimuuliza ukweli: anataka kukaa nyumbani, au ananivumilia tu ubishi wangu?

"Nyumbani, mama Marlys," akasema. "Tena uendelee kubisha."

Mama yako

Tucson, 9 Aprili

Mama,

Habari za huko? Nimeitazama video ya kamati. Sikujua kama nitaisikia tena sauti ya Baba. Sitaitaja Marquette tena. Nimeomba likizo ndefu, nakuja Mei tumbebe pamoja. Mwambie tutaiwasha sauna, ile bafu yake ya mvuke.

Mwanao Marlys

Ishpeming, 28 Juni

Mwanangu,

Umefika salama? Nyumba imepoa tangu uondoke. Asante kwa kumwosha baba yako mpaka asubuhi ile ya mwisho. Wengi hawaipati nafasi hiyo.

Jana muswada ulipita. Watu wananipigia simu kunipa pole, eti tumechelewa. Nawaambia Reino alifia kitandani kwake, dirisha wazi, akitusikia mimi na wewe tukibishana jikoni juu ya supu.

Ila fedha zimepitishwa kwa mwaka mmoja tu. Vuli watakaa tena kuamua, na wapo wanaotaka kuzifuta. Mume wa Impi ameanza kusahau jina la mkewe, na Impi hawezi kumwangalia huku anaendesha gari. Mimi macho yangu unayajua. Nimeshatuandikisha sote kusema mbele ya kamati.

Njoo utupeleke kwa gari. Na wewe utasema pia.

Mama yako