Meseji Iliyojijibu

Jumatatu, 10 Machi. Musoma
Umeme umekatika tena, nafanya kazi kwa betri. Mfumo wetu uko wiki ya pili: msichana anayeozeshwa kwa nguvu anatuma meseji bure, sisi tunatafuta msaada. Leo nimeongeza jibu la papo hapo. Kinamama wa Suguti waliobuni mfumo ndio waliolitaka. Mama Nyangeta, kiongozi wao, alinibana: "Watu wanaripotiga, hakuna anayejibuga. Wetu ujibu." Nimejaribu, unajibu. Nimejipongeza kwa chapati mbili.

Jumanne, 11 Machi
Meseji kutoka Butiama. "Naolewa jumamosi. Niko la saba. Sitaki." Mfumo ukajibu hapo hapo: "Taarifa yako ya ndoa ya utotoni imepokelewa."

Baadaye namba ile ile ikapiga. Mwanaume. "Nani hapa kwangu ameripoti ndoa?" Nikakata. Simu ni ya baba. Nyumba nzima simu moja, kama kwetu nilikokulia, na mimi nikasahau. Nimemponza.

Jumatano, 12 Machi
Afisa ustawi anauliza kijiji gani. Sijui. Nina namba tu, nayo imezimwa. Sili. Nikifumba macho naona fimbo.

Mama Nyangeta hakunilaumu. Afadhali angelaumu. Amempigia wifi yake Butiama: nani anapokea ng'ombe wiki hii? Ng'ombe wa mahari hawafichiki.

Alhamisi, 13 Machi
Nyumba imejulikana. Mama Nyangeta amekwenda pale kuomba marando, mashina ya kupandia viazi vitamu. Mbegu ya viazi hanyimwi mtu. Wakiwa shambani mama wa binti akamnong'oneza: mtoto kapelekwa Bunda, kwa shangazi.

Nikamuuliza Mama Nyangeta kwa simu kama binti alipigwa. "Tumtoe kwanza, mwanangu."

Ijumaa, 14 Machi
Afisa ustawi na polisi wa dawati la jinsia wako njiani kwenda Bunda. Naiogopa simu yangu. Ikilia naogopa, isipolia naogopa zaidi.

Jumapili, 16 Machi. Suguti
Wamemtoa. Wegesa, binti wa ile meseji, yuko jikoni kwa Mama Nyangeta. Anamenya viazi taratibu, mkono wa kushoto una bandeji. Lile jibu nimeshalizima. Nilikuja kumwomba radhi. Akaanza yeye.

"Shikamoo, dada. Ni wewe ulinijibu?"

Nikamwambia ukweli. Ni mashine.

Akachukua kiazi kingine, akaanza kukimenya.

"Baba aliisoma meseji yenu kwa sauti," akasema. "Nikajua kuna mtu anakuja."

Nikachukua kisu kingine, nikakaa karibu naye.