Baba Mkwe Kwenye Meza ya Baga

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Siku ya kumi na sita nikiwa mke wa mtu! Asubuhi Duke amenifunga kamba za viatu kabla sijatoka kwenda kazini. Nani mwingine Kisii nzima anafungwa kamba na mumewe?

Kazini ni Mnara tu, ile hoteli mpya ya baga. Tryphosa, tunayeuza naye dawa za mifugo, ameenda mara mbili na ameweka picha ishirini. Nikamuuliza ladha ikoje. Akasema mle ndani kuna mwanga mzuri sana.

Alhamisi, 9 Oktoba
Duke ameshika meza Mnara, Jumapili saa nane. Amepiga simu mwenyewe, kwa Kiingereza. Nimepiga pasi gauni la maua. Halafu nimelipiga tena.

Jumapili, 12 Oktoba
Tumeenda. Sijui nianzie wapi.

Tuliketi saa nane, baga ikaja saa tisa na nusu. Kwanza weita alitupeleka ukutani, penye mabawa ya malaika yaliyochorwa, tupigwe picha. Halafu akatuvalisha glavu nyeusi — kama zile daktari wa mifugo hununua kwetu ng'ombe akishindwa kuzaa. Nikadhani baga itatupiga mateke.

Haikuwa na nguvu hiyo. Kwenye bango ina ghorofa tatu, jibini ikitiririka. Kwenye sahani ilikuwa mkate baridi, jani moja lililochoka, na nyama nyembamba, ngumu kama soli ya ndala. Chipsi saba, zimesimamishwa ndani ya kikopo ili zionekane umati. Wasichana wa meza ya jirani walipiga picha nusu saa, wakafunika sahani kwa tishu, wakateremka chini kula ugali matumbo.

Lakini Duke! Alikuwa ananitazama kama siku ya harusi. "Ni tamu, Gesa?" Ningemwambiaje? "Tamu sana, mpenzi. Sijawahi kula kitu kama hiki." Akafurahi mpaka masikio yakasogea. Akasema hata yake ni tamu ajabu.

Jumanne, 14 Oktoba
Nikifua koti la Duke nimepata nusu baga mfukoni, imefungwa vizuri kwa tishu. Alinidanganya ili nisiumie. Nimeketi kando ya karai nikalia kidogo. Mungu alinipa mume wa namna gani! Sitamwambia nimeiona. Nimemtupia mbwa wa landilodi ile nyama. Saa moja imepita, bado anatafuna.

Ijumaa, 17 Oktoba
Baba mkwe anakuja Jumatatu, siku ya Mashujaa. Mzee Mokua mwenyewe, kutoka Marani, na hajawahi kula chakula changu hata siku moja. Shangazi Bonareri amepiga simu: "Huo ndio mtihani wako. Akishiba, umeolewa. Asiposhiba, ulikuja tu kutembea."

Nimenunua unga wa wimbi, mboga za chinsaga na jogoo. Mboga nitazichemsha na maziwa, kama mama. Nimejizoeza kusonga ugali mara tatu. Duke amekula wote.

Jumamosi, 18 Oktoba
Duke ana sapraizi. Ameshika meza Mnara, tumpeleke mzee huko. "Nataka Tata ale kile mke wangu anachokipenda. Na wewe usichoke jikoni."

Nimemkumbatia. Ningefanya nini? Nikisema ukweli, atajua nilimdanganya na hata mwezi haujaisha. Pia nitalazimika kumtajia lile koti. Nikinyamaza, mtihani wangu utapikwa na watu wa Mnara.

Nimenyamaza.

Jumatatu, 20 Oktoba
Naandika hapa hapa Mnara, daftari mapajani. Duke amempokea mzee stendi akamleta moja kwa moja. Nimeketi meza ya peke yangu, mgongo kwao. Ni ensoni, heshima yetu: mke wa mwana hali mbele ya baba mkwe, wala hawasemezani moja kwa moja. Na baga hii inataka ufungue mdomo mpaka masikioni.

Mzee amekataa mabawa. Amesema hajafa bado. Glavu amezivaa, kwa adabu.

Sahani zimefika. Kisha namsikia akimuuliza weita chakula chenyewe kinakuja saa ngapi. Weita anasema ndicho hicho, mzee wangu.

"Duke," mzee anasema, "mimi siwezi kumuuliza. Muulize wewe. Hiki ndicho mke wako amechagua kunilisha siku ya kwanza?"

Hana hasira. Ni kama mtu anayeuliza njia.

Duke amekohoa. "Gesa, Tata anauliza kama hii baga unaipenda kweli." Halafu chini chini, sauti ya mtu aliyezama mpaka kidevuni: "Sema chochote, mke wangu. Mimi nitakubaliana na wewe."

Weita ameuliza kama atufungie twende nazo. Wananingoja mimi, mgongo wote unawaka.

Nimevua glavu ya mkono usioandika. Sasa namgeukia Duke, nianze na lile koti —