Baba, Kato Amechuchumaa Tena

Mpendwa Baba,

Najua ungeniambia ninywe maji kwanza. Nimekunywa, na hasira iko palepale. Kwa hiyo leo utanisikiliza hivyohivyo, maana kazi hii umeniachia wewe, na watu wa kulalamikia huku nimeshawamaliza.

Wewe ulikuwa askari wa lango. Mimi, binti yako, siku hizi ndiye msimamizi wa mafunzo ya urekebishaji katika gereza lilelile. Ungekuwapo ungekwenda kujigamba msikitini. Sasa ngoja nikuambie cheo chenyewe kilivyo. Asubuhi nahesabu sindano za cherehani, jioni nazihesabu tena. Ikipungua moja tu, karakana inafungwa, wafungwa wote wanapekuliwa hadi kwenye soksi, kisha sindano inaonekana imechomekwa kwenye kola ya mwalimu wao. Wageni wakija na kamera, mashine zote zinapakwa mafuta. Wakishaondoka, mkanda ukikatika naomba mwingine mpaka naona haya kuomba. Halafu kila kikao naulizwa, "Madamu, mbona wakitoka wanarudi?" Utadhani mimi ndiye ninayewafuata mitaani na gari.

Basi, Kato. Humjui, aliingia baada yako. Mtu mzima, ana ndevu zake, alifungwa kwa kuiba madukani Kikuubo. Kwangu alijifunza kushona, na akishona kola ya shati la shule unautafuta mshono huuoni. Alipokaribia kutoka nikaanza kumwombea kazi. Baba, nimefukuzwa na mafundi mpaka nikazoea! Aliyekubali ni Hajati Zaituni peke yake, anayeshona sare za shule kwenye ghorofa moja hukohuko Kikuubo. Aliniambia waziwazi: "Mlete huyo mmoja. Akinifaa, nitachukua na wenzake. Akinishinda, wewe usirudi hapa."

Kwa hiyo unaona. Karakanani wapo wenzake wanaongojea Kato afaulu ili na wao wapate pa kwenda. Na Kato mwenyewe, akikosa cherehani ile ya juu kwa Hajati, marafiki zake wa zamani wako palepale chini ya ngazi, wanamwita kwa jina.

Siku ya kwanza alikwenda na shati lililopigwa pasi. Hajati akamwita, "Kato!" Na Kato akachuchumaa. Mbele ya wateja, Baba! Mikono magotini, macho sakafuni, akajibu, "Ndiyo, afande."

Duka zima likajua alikotoka. Mama mmoja akaukumbatia mkoba wake. Hajati akanipigia simu papo hapo: "Madamu, nilikuomba fundi, wewe umeniletea mahabusu?" Nikamfuata Kato, nikamkuta amekaa kwenye ngazi, jasho linamtoka. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Madamu, mimi nilisikia jina tu. Miguu yangu ilikwenda yenyewe."

Bannange! Tumemfundisha kupima, kukata, kushona. Tumemfundisha kuweka akiba, kuzuia hasira, hata namna ya kuomba kazi kwa maneno ya heshima. Na miaka yote hiyo, afisa akipita tu, chini! Mwalimu akimuuliza kipimo cha mkono wa shati, chini kwanza, ndipo ajibu. Hilo ndilo somo lililomwingia barabara kuliko yote.

Nikaenda kwa mkuu wa gereza. Nikamwomba kitu kimoja: karakanani tu, mle ndani tu, watu wazungumze wakiwa wamesimama. Akanitazama kana kwamba nimemwomba tubomoe ukuta. "Madamu, hiyo ni nidhamu. Baba yako alikuwa askari wa hapahapa, kwani hakukufundisha?"

Nilitoka pale nikijiuliza hilohilo. Ulinifundisha nini, Baba?

Nakumbuka nyumba yetu ya Kamwokya. Ijumaa baada ya swala, watu uliowahi kuwalinda walikuja kukusalimu, wakiwa huru sasa. Wakifika mlangoni, wanachuchumaa. Mama alikuwa amesimama na sinia, chai na mikate ya gurusa, lakini hampi mtu kitu mpaka wewe utoke. Unatoka na kanzu yako, unafoka, "Wee, simama! Hapa nyumbani, hapana jela!" Na kweli chai haikumiminwa mpaka yule mtu ameinuka, amekupa mkono, amekutazama usoni. Mmoja alipoinuka alianza kulia, nawe ukamgeukia Mama ukamkaripia eti amechelewesha sukari. Siku ile nilikupenda mpaka nikaumwa kifua.

Halafu nakumbuka nilivyokuletea chakula langoni. Nilikuwa nimeshika sufuria kwa leso, inaniunguza, nikakusikia unapiga kelele, "Chini! Wote chini!" Wanaume wazima wakashuka kwa pamoja. Jioni nikakuuliza mbona kule unawashusha. Ukanijibu, "Kule ni kazi." Basi, ukaomba maji ya kunawa.

Kule ni kazi! Hilo nalo ni jibu? Wewe ulijua. Ulijua kabisa wanatoka wakiwa hivyo, ndiyo maana ukakaa mlangoni kwako kuwainua mmoja mmoja. Na pale langoni hukumwambia mtu yeyote neno. Ukastaafu, ukazikwa kwa heshima zote, na mimi nimebaki na kibaraza cha fleti ya Bukoto ambacho hata viti viwili havitoshi. Niwainue wangapi hapo?

Nimemwinua Kato. Wiki nzima amekuja kibarazani, namwita, anaitika amesimama. "Kato!" "Naam, Madamu." Wima kama nguzo ya umeme. Jirani alidhani nimeanza kufundisha jeshi. Nikamsihi Hajati mpaka akachoka kunikatalia, na leo asubuhi nikampeleka Kato mwenyewe.

Hajati alikuwa amekaa, futi ya kupimia shingoni, duka limejaa. "Kato, njoo hapa." Nikaona magoti yanaanza kukunjika. Wallahi sikuwaza.

"Simama!"

Sauti ile haikuwa yangu, Baba. Ilikuwa yako, ya langoni. Cherehani zote zikanyamaza. Kato akanyooka, mikono ubavuni, kidevu juu, hapepesi macho.

Hajati akamtazama, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. "Eeh," akasema, "kumbe mko wawili." Akavuta kiti. "Kaa hapo, ssebo, nishonee kola." Alimwita bwana, Baba.

Akakaa, akashona. Hajati akaigeuza ile kola huku na huku, akamwambia aje na kesho. Ningefurahi, na nimefurahi, usidhani sikufurahi. Nimelia kwenye ngazi kama mtoto. Lakini Kato alisimama kwa sababu aliamriwa, na aliyemwamuru ni mimi.

Kesho nikifungua karakana nitawaambia wote wabaki wamesimama. Mkuu akitaka aniite, aniite, nitakwenda. Hilo haliniogopeshi. Linalonitesa ni hili: nataka kuwaambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyomwambia mwenzake, na tangu mchana najaribu mbele ya kioo, haitoki. Kila nikilisema neno hilo, "Simama," linatoka kama amri. Nimejaribu kukumbuka wewe ulilisemaje pale mlangoni kwetu, nikuige, na nimegundua kwamba hata wewe, na chai ikiwa tayari, hukuwahi kulisema bila kufoka.

Mungu akulaze pema. Mimi naendelea kujaribu.

Binti yako,
ambaye maji hayajamsaidia