Woga Niliomjibia Yeyo

Jumatatu, 10 Machi
Uji, dawa, kumwogesha. Nimemkalisha Yeyo, mama yangu, kwenye kiti cha dirishani, nikamfunika shuka. Kisha fremu yake ya kutembelea nikaipeleka nyuma ya mlango. Nafanya hivyo kila siku kabla ya kwenda dukani. Nyonga aliyovunjika imeshaunga, daktari kasema atembee. Mimi nasema mvua ziishe kwanza. Ni mimi niliyemkuta kwenye matope kule Olmotonyi alikoanguka, mguu umegeuka, ananiita kwa sauti ya mtoto. Daktari hakuwepo.

Alhamisi, 13 Machi
Kliniki. Rehema, dada wa mazoezi ya viungo, leo alikuwa na maswali. Anapima woga wa kuanguka kwa wazee waliovunjika. Kuoga, je, bibi anaogopa? Haogopi, kidogo, au sana? Kupanda ngazi? Kutembea penye utelezi? Kwenda kanisani penye watu wengi? Nilijibu yote. Sana. Sana. Sana.
"Dada, namwuliza bibi," alisema Rehema.
Yeyo alinitazama kwanza. "Ni kama alivyosema huyu."
Jibu la kipimo: woga mkubwa mno. Rehema anasema kwa mfupa ulivyopona hakutegemea woga wa kiasi hicho. Wiki ijayo atamwuliza akiwa peke yake. Nimeudhika. Ananionaje huyu?

Jumapili, 16 Machi
Nimetoka chumbani nikamkuta Yeyo ameshavaa. Gauni la kanisani, kitambaa kichwani, Biblia mapajani. Sijui aliwezaje kuvaa mwenyewe. Mvua ilinyesha usiku kucha. Nikasema hapana, kuna utelezi. Hakubisha. Alivua kitambaa, akakikunja vizuri.
Nilikwenda peke yangu. Akina mama wakanisifu ninavyomtunza mzazi. Nikaitikia, namshukuru Mungu.

Jumanne, 18 Machi
Nilichelewa kufunga duka. Jirani yetu Mama Glory, ambaye hupita mchana kumwangalia, alikuwa amesafiri. Nimemkuta Yeyo amejikojolea kitini. Ametandaza shuka juu ili nisione. Choo kiko hapo hapo, mwisho wa korido. Fremu ilikuwa nyuma ya mlango, nilipoiweka mimi.
Nilimbadilisha nguo. Yeye ndiye aliyeniomba msamaha.
Chakula kimenishinda.

Alhamisi, 20 Machi
Nilisubiri nje, kwenye benchi. Baadaye Rehema akaniita, akasema bibi anataka nisikie mwenyewe. Nyumbani mimi na Yeyo huongea Kimaa. Leo alisema kwa Kiswahili, polepole, ili Rehema naye aelewe.
"Kuanguka naogopa kidogo. Ninayemwogopa ni huyu. Nikiinuka tu ananipigia kelele. Basi nakaa."
Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Rehema alisema taratibu kwamba majibu ya wiki iliyopita yalikuwa yangu, na woga alioupima siku ile ulikuwa wangu. Nikasimama katikati ya kile chumba kama mtu aliyevuliwa nguo. Njia nzima hadi nyumbani Olasiti sikuweza kumtazama mama yangu usoni.

Jumamosi, 22 Machi
Fremu iko kando ya kitanda chake. Niliapa kunyamaza. Asubuhi aliishika, akaanza kuinuka, na kabla hajanyooka nikapiga kelele: "Yeyo!" Akakaa papo hapo. Amezoea. Nimemzoesha mimi.
Kaka yangu kapiga simu. Anasema mama akianguka tena nitajibu mimi. Nikamwambia basi aje amlinde yeye, nikakata. Lakini maneno yake ni yale yale ninayojiambia kila asubuhi. Sina wa kumsingizia.

Alhamisi, 27 Machi
Rehema alitandika godoro jembamba, akamfundisha Yeyo kushuka sakafuni na kuinuka mwenyewe. Nikamwona mama chini tena. Nikaelekea mlangoni.
"Kaa, dada. Wewe ndiye wa kuona hili."
Nikakaa. Yeyo aligeuka ubavu, akapiga magoti, akashika kiti, akainuka. Jasho linamtoka. Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu avunjike.
Nilimwomba msamaha pale pale, kwa Kimaa. Nikamwambia habari ya kuificha fremu, kana kwamba hakuwahi kuniona. Akanijibu kwamba alijua naogopa tangu siku ile ya matope. Alikuwa akikaa kitini ili mimi niende dukani na moyo mtulivu.
Hilo limeniaibisha kuliko yote. Nilidhani namlinda. Kumbe mwenye nyonga iliyovunjika ndiye aliyekuwa akinibeba.

Jumapili, 30 Machi
Manyunyu asubuhi, kisha kukakauka. Kanisani tulikwenda pamoja, tukakaa nyuma.
Baada ya chakula nilikuwa naosha vyombo. Yeyo akapita na fremu yake nyuma yangu, akatoka kwa mlango wa uani. Hakusema anakwenda wapi. Sikuuliza. Mikono ilikuwa ndani ya maji. Nikaiacha humo humo.
Baada ya muda nikasikia sauti yake upande wa kwa Mama Glory. Wanaongea habari za mahindi, kama yataota vizuri mwaka huu.
Nikamalizia sufuria.