Nilisema Karata, Mama

Maputo, Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo na salaam aleikum. Goti la kushoto linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyomwagiza Somoe akununulie umeitumia, au umemgawia jirani kama ile ya kwanza? Na mihogo ya kule bondeni, nguruwe wamekuachia chochote mwaka huu? Mimi nakula vizuri na silali njaa, mwili haudai kitu. Kilichochoka ni roho, na kinachoichosha ni simu yako.

Usikasirike kwanza. Najua utashangaa kuletewa karatasi wakati simu ipo. Sababu ni spika, Mama. Kila nikikupigia unabonyeza spika, unaiweka simu juu ya kinu ulichokipindua, na uwanja mzima unaniitikia. Nikisema shikamoo napewa marahaba na watu sita. Wiki hii peke yake nimekuomba mara tatu, "Mama, toa spika, nina neno langu na wewe." Mara zote tatu umenijibu, "Sema tu baba, hapa hapana mtu, niko na Mama Zuhura." Na Mama Zuhura naye anadakia, "Mie si ntu baki bwana, sema!" Basi nauliza habari za mvua, nakata simu, narudi jikoni nikiwa nimenuna.

Kwa hiyo barua hii anakuletea Atanasi, Mmakonde wa Mueda ninayepika naye hapa hotelini. Anakwenda likizo kwao, na ameniahidi atavuka Ruvuma pale Kilambo, aje mpaka Mpapura akupe mkononi. Nimemkataza kabisa kupitia mjini Rahaleo kwa Somoe. Dada yangu nampenda, lakini bahasha ya mtu ikifika kwake imeshafunguliwa kabla mleta hajapewa maji. Isome peke yako, ndani, mlango ukiwa umefungwa. Ulisoma elimu ya watu wazima ukashika namba moja, hukuwahi kuhitaji mtu wa kukusomea.

Neno lenyewe ni hili. Sijashinda mashindano ya kiraa. Sijasimama mbele ya watu kusoma Kurani tangu ile siku ya Mikindani unayoijua. Siku ile nilipokupigia nilisema karata. Mama, nilisema karata!

Nilikuwa nimesimama uani nyuma ya jiko, mtandao unakatika, furaha imenijaa. Nikasema, "Mama, nimeshinda mashindano ya kara..." ikakata, ikarudi, nikakusikia wewe, "Ya kiraa?" Kabla sijafungua mdomo ukapiga kigelegele, na Mama Zuhura akakipokea, "Ntoto kasoma mpaka Wareno wamenkubali!" Halafu nikasikia unalia. Mimi sijawahi kukusikia ukilia kwa furaha. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, nilikuwa nayo kabisa, wala mtandao haukukatika tena. Nikasema, "Alhamdulillahi, Mama." Hilo ni kosa langu na simsukumii mtu.

Sasa nikueleze nilichoshinda, maana ni changu na nimechoka kukificha kama mtu aliyeiba. Mchezo unaitwa poka. Unapewa karata mbili unazificha, nyingine zinawekwa wazi mezani, na kila mtu anasema anaweka kiasi gani. Atanasi alinifundisha jikoni wakati wa mapumziko, tukitumia maharage badala ya pesa. Wenyewe hutumia vidude vya plastiki, na usicheke, vinaitwa chipsi. Siku ya kwanza nilipoambiwa "sukuma chipsi zako zote" nilidhani kuna mgeni ana njaa.

Hapa hotelini, ghorofani, hufanyika mashindano mara kwa mara. Jumamosi moja mgeni mmoja, mfanyabiashara wa mbao kutoka Beira, alikuwa ameshalipia kiti chake, tumbo likamvuruga. Akateremka jikoni kugombana juu ya kamba aliowala. Kamba wale sikuwapika mimi, mimi nilikuwa kwenye kaa. Akatukuta tunacheza kwa maharage, akasimama nyuma yangu, akasahau hata tumbo. Akasema, "Wewe, vua aproni, kakae kwenye kiti changu." Nikapanda na viatu vyangu vya jikoni, miguu inanuka kitunguu saumu.

Tulikuwa watu arobaini na kitu. Kufika alasiri tulibaki wawili, mimi na daktari mmoja wa meno, Mreno, amevaa miwani ya jua humo ndani. Mkononi nina saba ya pau na mbili ya kopa, takataka tupu, na mezani hakuna cha kunisaidia. Nikasukuma zote. Yule bwana akavua miwani, akanitazama usoni kwa muda mrefu mpaka nikasikia mpishi mkuu akikohoa mlangoni. Nami nikamtazama kwa uso ninaoujua, nitakwambia mbele ni uso wa nani. Akatupa karata zake. Alinionyesha baadaye, zilikuwa nzuri mara kumi kuliko zangu. Baada ya pale mchezo wake haukusimama tena, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kikombe na ile hela niliyokutumia. Hiyo ndiyo kiraa yako ya kwanza.

Ya pili nilishinda kwenye simu. Ndiyo, hii hii yenye kioo kilichopasuka. Watu walikuwa maelfu, kila mmoja kwao, na jina langu humo nimejiita Mpapura. Nilianza mapumziko ya mchana nikiwa stoo nimekaa juu ya magunia ya mchele, mapumziko yakaisha na mimi bado nimo. Mpishi mkuu akaniitia vitunguu. Nikaegemeza simu kwenye kopo la chumvi, nikawa nakatakata kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa mwingine, machozi yananitoka. Mbrazili mmoja akaandika kwa Kireno, Atanasi akanisomea, "Huyu Mpapura ni nani na ametoka wapi?" Mama, watu wa dunia nzima walikuwa wanaliogopa jina la kijiji chetu, nami sikuwa na mtu wa kumwambia. Nikashinda huku nalia, na vitunguu vikawa tayari kwa wakati wake.

Jioni yake nilijikaza nikakupigia, nimeazimia kusema kweli. Nikaanza, "Mama, nimeshinda tena, lakini hii ni ya mtandaoni, sikilizeni vizuri..." Somoe, ambaye sijui alifuata nini huko siku hiyo, akanikatiza, "Kiraa siku hizi hata mtandaoni kipo, ndiyo maendeleo hayo!" Kila mtu akasema ndiyo. Maalim wa madrasa akaomba simu akaniombea dua ndefu, nikaitikia amina. Ulitaka nifanyeje katikati ya dua?

Ya tatu ilikuwa Johannesburg, siku tatu, ukumbi mkubwa, mamia ya watu. Huko nilijiharibia mwenyewe kwa ujinga wa nyumbani. Unakumbuka marehemu Baba na wenzake walivyocheza karata za arubastini ghalani, anainua mkono juu kabisa na kuipiga turufu chini mpaka vikombe vinaruka? Nilipokuwa mdogo niliona ndiyo raha yote ya karata. Basi siku ya mwisho nikapewa karata ambazo sijawahi kupewa, ree mbili, na ya tatu ikaja mezani. Damu ikanichemka. Nikanyanyua mkono nikazipiga mezani pwaa, uso juu, na mwenzangu hata hajasema anaweka kiasi gani! Msimamizi akaja akanionya. Yule mwenzangu akacheka, akatupa zake, nami nikaokota makombo. Nilimaliza wa pili. Atanasi aliponisikia alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni akacheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Na kwenu huko? Nilipowaambia nimekuwa wa pili, nikaambiwa maalim amesema wa pili wa Johannesburg ni mkubwa kuliko wa kwanza wa kwingine. Nikaambiwa nimeandaliwa siku ya kusoma mbele ya watu, nikifika tu. Halafu Somoe akanitumia picha ya kanga mlizochapisha, sare, zimeandikwa KARIBU NYUMBANI HAFIDHI WETU. Mama, hafidhi! Mimi ninayesoma sura fupi tatu tu kila swala, zilezile! Niliitazama picha ile nikiwa nimeshika mwiko, wali ukaungua, nikakatwa siku nzima ya mshahara.

Yote hayo ningeyavumilia. Ningekuja nikasema koo linauma, nikavaa kofia, nikala pilau. Lakini Jumanne ukaniambia, "Ile hela ya kiraa sijaigusa. Mwezi ukiandama naipeleka kwa wanaosafirisha mahujaji." Ukasema kwa sauti ya chini, mara hii hata Mama Zuhura hakudakia.

Najua safari hiyo, Mama. Tangu napata akili umekuwa ukiiwekea akiba ya korosho, na kila ikikaribia kutosha mmoja wetu anaumwa. Mara ya mwisho ulikuwa mguu wangu mimi, ulipovunjika. Ulilipa ukanifuata hospitali na chupa ya uji, ukasema Makka haihami.

Basi nikakuona Arafa, umevaa nyeupe, goti linauma, unamshukuru Mungu kwa kisomo cha mwanao, na nauli yako imetoka kwa daktari wa meno mwenye miwani. Mimi sikumwibia mtu, wala sijioni mhalifu. Lakini najua utakavyoiita. Baba alikuwa anacheza bila hata senti, na bado ulizichoma karata zake jikoni ukapikia ugali. Ungekuja kujua baada ya kurudi, na mtu angekwambia tu, maana Atanasi ana mdomo. Ungenisamehe, nakujua. Lakini ungekuwa umeshakwenda, na kwa umri huo na goti hilo hakuna safari ya pili.

Usiipeleke hela ile, Mama. Ndicho nilichotaka kusema mara zote tatu, na spika ikanizuia. Ifanyie utakalo, au irudishe kwangu. Kuna nyingine niliyoiweka kwa mwajiri, ya mshahara tu, ya moto na moshi. Haitoshi, na msimu huu haitatosha. Nadhani misimu miwili. Nakuomba uningojee misimu miwili, na goti nalo uliambie lingoje. Sikuapii kwamba sitacheza tena, maana nimechoka kuapa mambo nisiyoyajua. Ninachokuahidi ni kwamba itakayokupeleka wewe haitapita kwenye meza hiyo, na sitakwambia tena uongo, hata wa kunyamaza.

Nimekasirika sana wiki hii. Nimeukasirikia mtandao, nimemkasirikia Somoe na kanga zake, Mama Zuhura na vigelegele vyake, na maalim asiyeuliza. Nikimaliza kuwapanga wote hao nabaki mimi mwenyewe nimesimama uani nasema alhamdulillahi.

Nilisema nitakwambia ule uso ni wa nani. Siku ya Mikindani nilikuwa na miaka tisa. Nilisimama, nikasoma aya nne, ya tano ikapotea. Nikakutafuta upande wa kina mama, nikakuona, midomo yako inanitajia neno, lakini uso haukusogea hata kidogo. Hapakuwa na aibu wala hasira. Ulinichukua ukaninunulia kitumbua ukasema, "Sauti tu ndiyo iliyoisha." Ndio uso uleule uliokuwa nao ukituambia umeshakula, na mimi nimeona sufuria tupu. Watu hufikia hata kuniuliza nilijifunza wapi kukaa hivyo mezani, hata Johannesburg waliniuliza. Mimi nawaambia nimejifunza jikoni, wao wanadhani nasema jikoni hotelini.

Nisalimie Somoe na mumewe, shemeji yangu mvumilivu. Nisalimie mjomba wa Mtawanya, mwambie sijasahau jembe lake. Maalim mpe salamu zangu za heshima tu, habari nyingine nitamweleza mwenyewe nikija. Mama Zuhura mwambie kanga yake asiitupe, neno karibu nyumbani ni kweli, hayo mengine akunjie ndani.

Atanasi akishakupa barua atanitumia ujumbe. Ijumaa inayofuata, baada ya swala, nitakupigia. Nikipokewa na marahaba za watu sita, nitajua umeamua kuniwekea ule uso, nami nitauliza habari za mvua. Lakini ukiweza, Mama, toa spika. Niweke sikioni. Hata ukinigombeza, nataka safari hii nisikie.

Mwanao aliyekudanganya kwa neno moja,
Bakari